Kwa Nini Hukusema Laki?

Dalali mzuri wa ng'ombe hasimami mbele ya muuzaji. Husimama ubavuni mwake, mabega karibu yagusane, wote wawili macho kwa mnyama, na mazungumzo yakapita kana kwamba wanaongea na ng'ombe. Mjomba wangu, kaka yake mama, alifanya udalali mnadani Msalato kwa sehemu kubwa ya umri wake. Nilichokiona kwake ndicho ninachokifanyia kazi leo, ingawa mimi sishiki kamba wala fimbo. Mimi ni mnasihi. Nakaa chumbani na watu wanaotaka kuacha pombe, au wanaoambiwa na jamaa zao kwamba wanataka.

Msalato iko kaskazini mwa jiji la Dodoma, kando ya barabara kuu ya kwenda Kondoa na Arusha. Siku hizi ukiitaja, watu wanakumbuka uwanja wa ndege wa kimataifa, au sekondari ya wasichana, au chuo cha theolojia cha Waanglikana. Sisi tuliokulia upande ule tunakumbuka mnada. Siku yake ikifika, mifugo huingia tangu alfajiri, mingine imelala njiani na wachungaji wake. Wapo wachuuzi wanaonunua kwa ajili ya machinjio ya Kizota, na wapo wanaopakia malori hadi mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Salamu za Kigogo, Mbukwa na Mbukwenyi, zinapishana na za Kirangi na Kisukuma, na bei hutajwa kwa Kiswahili. Moshi wa nyama choma huanza mapema, na vumbi halitulii hadi jioni.

Katikati ya kelele hizo mjomba alifanya kazi kwa sauti ya chini. Swali lake la kwanza halikuwa bei. Aliuliza, "Mmetoka saa ngapi?" Jibu lilimpa mengi. Mtu aliyeondoka kwake saa tisa usiku anatoka mbali, hana nguvu ya kumrudisha mnyama, na wachuuzi wakilijua hilo watamsubiri mpaka jua la saa nane limlainishe. Swali la pili lilikuwa, "Huyu ni wako au ni wa nyumba?" Ng'ombe wa nyumba ana wenyewe wengi: mke aliyekabidhiwa amkamue, kijana anayemhesabu kwenye mahari yake, ndugu aliyemwacha pale kwa amana. Anayemuuza ng'ombe wa namna hiyo hatafuti bei nzuri tu. Anatafuta bei atakayoweza kuieleza nyumbani.

Baada ya maswali hayo mawili alinyamaza. Sijaona mtu mwingine aliyejua kunyamaza kama yeye. Hakuonyesha haraka, hakukohoa, hakutazama huku na huko kana kwamba ana mteja mwingine. Alimpapasa mnyama, akang'oa kupe mmoja nyuma ya sikio, akasubiri.

Namkumbuka mzee mmoja aliyeleta mtamba mweusi mwenye baka jeupe begani. Mtamba hauzwi hovyo. Ndiye zizi la kesho. Wachuuzi wawili walikuwa wamekwisha kumzunguka, na mmoja alishaanza kuhesabu noti ili mzee azione. Mjomba akasimama pale, akasema, "Huyu mwakani angekuwa na ndama." Akaishia hapo. Mzee akaitikia, ndiyo. Kundi la mbuzi likapita katikati yetu. Ndipo mzee akaeleza, bila kuulizwa, kwamba binti yake amechaguliwa kidato cha tano, na nauli haipo, godoro halipo, sanduku halipo.

"Na wewe unataka aende?" mjomba akauliza.

Nilikuwa mtoto, nimeshika chupa ya maji, na swali hilo lilinikera. Mtu amemleta mtamba mnadani kwa ajili ya shule ya mwanawe, utamuulizaje kama anataka? Lakini mzee hakukereka. Alilifikiria. "Mama yake anataka," akasema. Kisha, baada ya kimya kingine, "Na mimi nataka. Mimi sikwenda."

Kuanzia hapo alikuwa mtu mwingine. Mabega yalinyooka, akaanza kuhesabu kwa sauti alichonacho zizini, na mjomba hakumshauri neno. Siku ile aliondoka na mtamba wake. Mnada uliofuata alirudi na maksai mzee na mabeberu wawili, na alipowauza alimwambia mjomba, kwa fahari, tarehe ambayo binti angesafiri.

Simfanyi mjomba kuwa malaika. Siku ya mtamba hakupata kitu, na siku ya maksai alichukua ujira wake wote bila kupunguza hata shilingi. Alijua pia kwamba mzee yule hatamtafuta dalali mwingine maisha yake yote. Uaminifu wake ulikuwa na faida, naye hakuificha. Ninachokisifu ni jicho lake. Wachuuzi waliona mtu mwenye shida ya pesa. Yeye aliona mtu aliyebeba sababu mbili, moja ya mkewe na moja yake, na ile ya kwake bado hajaitamka.

Kwa wanunuzi alikuwa na swali jingine ninalolistaajabia mpaka leo. Nazungumzia miaka ya mwanzo ya 2000, bei zilipokuwa za wakati ule. Mchuuzi alikuja, akampiga ng'ombe kofi kiunoni, akakunja uso. "Laki na nusu." Dalali wa kawaida hapo angeruka: tazama mgongo, tazama nundu, huyu hashuki chini ya laki mbili na nusu! Mchuuzi naye angejibu kwa kutaja kila kasoro, na mchana ungekwisha hivyo. Mjomba aliuliza kwa upole, "Kwa nini hukusema laki?"

Mchuuzi akacheka. "Laki, huyu? Hapana, mzee, tusidanganyane. Nundu yote hii? Na kwato zake nzima." Akamzunguka ng'ombe, sasa akimtazama kwa makini zaidi kuliko alipofika. "Huyu hata safari ya Pugu anaimaliza bila kukonda sana."

"Basi umemwona vizuri," mjomba akasema. "Fikiria tena."

Mchuuzi akafikiria tena, akaongeza. Tazama kilichotokea. Mjomba hakumsifia ng'ombe hata kidogo. Sifa zote zilitoka kinywani mwa yule aliyekuja kumponda, kwa sababu swali lilivyoundwa halikuwa na jibu jingine. Ukiulizwa kwa nini hukutaja bei ya chini zaidi, huwezi kujibu bila kutaja uzuri wa mnyama. Na mtu aliyekwisha kutaja uzuri kwa ulimi wake anaona haya kuukana papo hapo.

Kusoma nia za wafugaji kwa usahihi namna hiyo si jambo dogo, maana wasomi wamelikosea. Mwaka 1926 Mmarekani Melville Herskovits alichapisha utafiti wake juu ya nafasi ya ng'ombe katika jamii za Afrika Mashariki. Watawala wa kikoloni, na mabwana mifugo wengi baada yao, walichota humo wazo moja jepesi: mfugaji amelewa mapenzi ya ng'ombe, haelewi soko, hauzi hata pale kuuza kunapomfaa. Ilibidi watu wakae na wafugaji kwa utulivu ndipo picha nyingine ionekane. Peter Rigby, aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, alitoa mwaka 1969 kitabu kizima kuhusu ng'ombe na udugu wa Wagogo. Humo ng'ombe ni mkataba kati ya watu. Mahari huchangwa na wengi na kugawanywa kwa wengi, na mwenye kundi huwaweka baadhi ya ng'ombe wake kwa wengine, ili ukame au maradhi yakipita yasimfagilie wote.

Na kuna njaa. Dodoma hupata msimu mmoja tu wa mvua, tangu mwisho wa mwaka hadi Aprili hivi, na ukikosea huo umekosea mwaka. Wagogo wana kumbukumbu ya Mtunya, njaa kuu iliyoanza miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Ukame ukaja juu ya mabaki. Mjomba alizisikia habari hizo kwa bibi yake. Kwa hiyo alipomwona mtu mnadani anashika kamba na kuiachia, anakubali bei kisha anaikataa, hakumwita mjinga wala mkaidi. Alijua kwamba mtu huyo anapima mambo mawili yaliyo mazito kweli, na akampa nafasi ayapime.

Nilipomaliza kidato cha sita nikasema nataka kusoma saikolojia, mama aliogopa. Dodoma ndiko iliko Mirembe, hospitali ya afya ya akili iliyoanzishwa mwaka 1927, na nchi nzima imeligeuza jina lake kuwa tusi: mtu akikosea jambo anaambiwa apelekwe Mirembe. Mama aliona mwanawe anakwenda kujifungia na tusi hilo. Mjomba hakunitetea, wala hakunipinga. Aliniuliza, "Unataka nini humo, mama?" Nikampa jibu zuri la kwenye fomu, kuhusu kuisaidia jamii. Akasubiri. Nilimjua vya kutosha kujua kwamba jibu halijapokelewa. Mwishowe nikasema nataka kujua kwa nini mtu hufanya jambo analojua linamwumiza. Akatikisa kichwa, akabadilisha mazungumzo. Hilo la pili ndilo lililonivusha chuo.

Huko ndiko nilikomkuta William Miller, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeshughulika na watu wenye uraibu wa pombe. Mwaka 1982 alikwenda Norway, kwenye kliniki karibu na mji wa Bergen, akaombwa awafundishe wanasaikolojia vijana. Hawakutaka nadharia tu. Walimtaka aigize mazungumzo na mteja mbele yao, na kila baada ya muda walimsimamisha: kwa nini umeuliza hilo? Kwa nini umenyamaza hapo? Kati ya yote aliyoyasema mteja, kwa nini umerudia hilo moja? Akilazimika kujibu, Miller aligundua kwamba alikuwa akifuata kanuni ambazo hajawahi kuziandika. Akaziandika, makala yakatoka mwaka 1983, na mwaka 1991 yeye na Stephen Rollnick wakatoa kitabu kamili. Njia yao, kwa maelezo mafupi, ni ya kuongea na mtu mwenye nia mbili ili ile nia yake ya kubadilika isikike kwa kinywa chake mwenyewe.

Nikisoma nilimwona mjomba katika kila ukurasa, nikasikitika kwamba yeye hakupata vijana wa kumsimamisha katikati ya mnada. Ufundi unaorithiwa kwa macho una upungufu huo. Unauona mkono unavyokwenda, huujui uamuzi uliouongoza mkono. Pale ndipo chuo kilipolipa gharama yake, kwa sababu chuo hupima. Mwaka 1993 Miller na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti juu ya wanywaji waliopata ushauri: kadiri mshauri alivyombana na kumkabili mteja, ndivyo mteja alivyoendelea kunywa zaidi mwaka mmoja baadaye. Mjomba angekubali bila kushangaa, ila asingeweza kulithibitisha.

Sasa njoo chumbani. Mambo ya mteja huyu nimeyabadilisha ili asitambulike. Ni mzee mkulima, ameletwa na wanawe wawili, na mmoja wao ameahidi kumnunulia baba pikipiki akiacha gongo. Ahadi za namna hiyo nazisikia mara nyingi, na zinanitia wasiwasi. Mwaka 1971 Edward Deci alionyesha kwamba wanafunzi waliolipwa kucheza fumbo walilolipenda walipunguza kulichezea malipo yalipokoma. Zawadi ilikuwa imeichukua nafasi ya hamu yao. Nawaomba vijana watusubiri nje. Mzee ameshika kofia kwa mikono miwili, anaizungusha.

Siketi mbele yake. Naweka kiti pembeni, pembe ya meza kati yetu, tunatazama dirisha moja. Tunaongea mvua, tunaongea uwele wake. Kisha namwomba afikirie namba kuanzia 0 hadi 10: kupunguza pombe kuna uzito gani kwake yeye, si kwa wanawe.

"Nne," anasema, na ananitazama kwa haraka, akitegemea nimkemee.

Swali linalokuja kwenye ulimi wa kila mtu ni, kwa nini nne tu? Liulize hilo, utamsikia akiitetea pombe: miguu inauma, usiku ni mrefu, wenzake wote wako kilabuni, tangu mke wake afariki nyumba haina mazungumzo. Kila sababu atakayoitaja itakuwa na nguvu zaidi akishaitaja. Kwa hiyo nauliza, "Kwa nini nne, si moja?"

Anaacha kuizungusha kofia. "Moja hapana," anasema. "Moja ni mtu asiyejali." Nasubiri. "Kuna mjukuu wangu, alikuwa analala kwangu. Juzi amekataa kuja."

"Ulimzoea."

"Nilikuwa namwamsha kwenda shule. Mimi ndiye niliyekuwa namwamsha."

Sina la kuongeza hapo. Sababu imetoka, ni yake, na ina uzito kuliko pikipiki. Kazi yangu kwa muda uliobaki ni kutoikanyaga: nisiigeuze kuwa hotuba, nisiwaite wanawe kuja kuisikia, nisikimbilie ratiba ya dawa kabla yeye hajauliza afanyeje. Alipouliza, tulianza. Anayekunywa kila siku kwa miaka hapaswi kukatiza ghafla peke yake nyumbani, kwani mwili unaweza kupata degedege, hivyo daktari alihusika tangu mwanzo. Ila daktari alimpokea mtu aliyeingia kwa miguu yake.

Kufanana huku kwa swali la namba na swali la laki kulinifurahisha, kisha kukanitia hofu. Maana nimeona pia mnadani jinsi ustadi uleule unavyotumika kwa mkono mwingine. Wapo madalali waliojua kusikiliza vizuri kama mjomba, wakaipata sababu ya muuzaji, wakaenda kuiuza kwa mchuuzi: yule ana mgonjwa hospitali, ngoja hadi jioni. Kusikiliza peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwema. Miller na Rollnick walilitambua hilo, na katika toleo la tatu la kitabu chao, la mwaka 2013, waliongeza huruma miongoni mwa nguzo za njia yao, yaani kuyatanguliza kwa makusudi manufaa ya huyo mwingine. Dalali ana ujira wake ndani ya mazungumzo. Mimi nina mshahara nje yake. Tofauti hiyo nailinda, kwa sababu najua jinsi ilivyo rahisi kumvuta mtu kwa kamba yake mwenyewe.

Sasa nawafundisha wanaoanza. Tunarekodi mazungumzo kwa ruhusa ya mteja, kisha tunakaa na karatasi na kuhesabu: maswali mangapi, na mara ngapi mnasihi amemrudishia mteja maana ya alichosema. Kipimo kinachotumika sana kinataka mnasihi hodari amrudishie mteja maana mara mbili kwa kila swali moja. Wanaoanza huwa kinyume chake, maswali yanamiminika. Juzi kijana mmoja alinisikilizisha kipande. Mteja anasema, "Wanangu wananiona mlevi tu." Kijana anauliza, "Unakunywa kiasi gani kwa siku?" Nikamwomba asimamishe, ajaribu tena bila swali. Alikaa muda. "Kuna kitu kwako ambacho hawakioni," akasema. Chumba kizima tulisikia neno hilo lilivyokaa. Mteja akijibiwa hivyo ataendelea mwenyewe, na yatakayofuata hayamo kwenye fomu yoyote.

Dodoma ina bahati ya kuwa na vyuo vikuu viwili vilivyoanza mwaka uleule wa 2007, UDOM na Mtakatifu Yohana, na ina hospitali ya taifa ya afya ya akili. Ningekuwa na sauti kwenye mitaala yao, ningeomba jambo moja. Kabla mwanafunzi wa unasihi hajafunguliwa kitabu, apelekwe mnadani Msalato alfajiri, aombe ruhusa kwa dalali mwenye mvi, akae kando ya zizi bila kuuliza mtu kitu. Asiandike bei. Aandike, kwa kila mnyama aliyeuzwa, anadhani muuzaji alimleta kwa nini, na ni neno gani au kimya gani kilichomwonyesha. Jioni, wachuuzi wakiwa wanapakia, ampe dalali karatasi ile aisahihishe.